Mirathi ya Kuukeni: Mali ya Ukoo katika Vijiji vya Minangkabau na Hukumu Yake katika Fiqhi

 

Mwanafunzi wa elimu ya faraidhi huanza kwa kuhifadhi mafungu sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kisha hufundishwa wenye mafungu, asaba, na wenye kuzuiliwa. Lakini lipo swali linalotangulia yote haya, na aghalabu hupitwa haraka darasani: je, mali hii tunayotaka kuigawa ilikuwa milki ya marehemu? Kwani mirathi haiingii ila katika kile alichokimiliki maiti. Amana aliyowekewa hairithiwi, wala wakfu aliousimamia, wala shamba aliloazimwa alime.

Swali hili limewashughulisha wanazuoni wa Minangkabau, huko Sumatra, kwa zaidi ya miaka mia moja. Wala halikuwa swali la kitabuni tu. Lilihusu majaruba ya mpunga, nyumba za mababu, na mayatima ambao baba yao akifariki walibaki mikono mitupu huku duka lake likifunguliwa na binamu zao.

Nagari na watu wake

Minangkabau ni watu wa nyanda za juu za magharibi ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Ni Waislamu, na tangu zamani wamefuata madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), madhehebu yale yale ya pwani yetu. Hata hivyo nasaba yao ya ukoo huhesabiwa kuukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wataalamu wa elimu ya jamii huwataja kuwa ndio jamii kubwa kuliko zote duniani yenye desturi hii.

Kijiji chao huitwa nagari. Kwa desturi yao, makazi hayastahiki jina hilo mpaka yawe na msikiti, ukumbi wa mashauri, njia na mahali pa kuogea. Chukua mfano wa vijiji vilivyo kando ya ziwa Maninjau, katika wilaya ya Agam. Ziwa hilo limekaa ndani ya shimo la volkano ya kale, na barabara ya kulishukia ina kona 44 zilizohesabiwa moja moja. Karibu na maji ni majaruba ya mpunga, na juu kwenye miteremko ni mashamba ya mdalasini, kahawa na miti ya matunda.

Katikati ya maisha ya kijiji husimama nyumba kubwa ya ukoo, rumah gadang, yenye paa lililopinda juu pande zote mbili mfano wa pembe za nyati. Humo hukaa wanawake wa ukoo mmoja: bibi, binti zake na wajukuu zake, na kila binti aliyeolewa ana chumba chake. Zamani mume alifika usiku na kuondoka asubuhi kwenda kulima shamba la mama yake na dada zake. Wenyewe humfananisha mume huyo na majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma hayapo. Vijana wa kiume hawakuwa na chumba katika nyumba hiyo. Walilala msikiti mdogo wa ukoo, unaoitwa surau, wakisoma Qur'ani na kujifunza mchezo wa kujihami. Wakipevuka walisafiri kwenda ugenini kutafuta riziki, safari waliyoiita merantau. Mikahawa ya chakula cha Padang iliyoenea Indonesia nzima ni tunda la safari hizo.

Msimamizi wa mali ya ukoo ni mjomba, mamak, naye huwalea na kuwaangalia watoto wa dada zake. Mashamba ya mpunga ya ukoo yamegawanywa kimatumizi: dada huyu hulima jaruba hili na yule jaruba lile, kwa utaratibu uitwao ganggam bauntuak. Anayelima hula mazao lakini hana haki ya kuuza. Akifa, matumizi huenda kwa binti zake. Mjomba naye akifa, usimamizi huenda kwa ndugu yake au mpwa wake, wala si kwa mwanawe, kwa sababu mwanawe ni wa ukoo mwingine.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 7, 11, 12 na 176, Mwenyezi Mungu ameweka mafungu ya wanaume na wanawake, ya watoto, wazazi, wanandoa na ndugu, kisha akaonya juu ya kuivuka mipaka yake. Mtoto wa dada, katika mpango huo, ni miongoni mwa dhawil-arham. Kwa asili ya madhehebu ya Shafii harithi kabisa. Wanazuoni wa baadaye walimrithisha pale Baitul-Mali inapokuwa haina utaratibu mzuri, nayo ni baada ya kukosekana asaba na wenye mafungu wasiokuwa mume au mke. Vipi basi mpwa atangulie mbele ya mwana?

Kauli ya Sheikh Ahmad Khatib

Mwaka 1803 walirejea kutoka Makka mahujaji watatu, Haji Miskin, Haji Piobang na Haji Sumanik, wakaanzisha harakati iliyojulikana kwa jina la Padri. Walipiga vita kamari, kupiganisha majogoo, ulevi na tumbaku. Waholanzi waliingia katika ugomvi huo mwaka 1821 wakiwa upande wa wakuu wa mila, na ngome ya Tuanku Imam Bonjol ikaanguka mwaka 1837. Jambo la kushangaza ni kwamba miaka yote hiyo ya mapambano makali haikuung'oa utaratibu wa ardhi ya kuukeni. Kamari iliweza kukatazwa kwa amri, lakini jaruba la mpunga lina mizizi katika nyumba, katika ndoa, na katika chakula cha kila siku.

Aliyelivaa suala hili kwa kalamu ni Sheikh Ahmad Khatib al-Minangkabawi, aliyezaliwa Agam mwaka 1860 na kufariki Makka mwaka 1916. Alifikia daraja ya kuwa imamu na khatibu wa Kishafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka, daraja ambayo wageni wachache waliifikia. Mwishoni mwa karne ya 19 alitunga kitabu cha Kiarabu, *ad-Dai al-Masmu*, cha kuwajibu wanaowarithisha ndugu na watoto wa dada ilhali wapo wazazi na watoto wa maiti. Hukumu yake haikuwa na mlango wa nyuma: mali hiyo ni ghasbu, yaani iliyoporwa kwa wenyewe, na anayeila anakula haramu.

Wanafunzi wake waliorudi Sumatra waliikuta kauli hii nzito mno kuitekeleza. Tuifikirie kwa njia ya hesabu. Shamba lililofunguliwa vizazi kumi nyuma, likapita kwa mama na mabinti bila kugawiwa hata mara moja, warithi wake wa kisheria leo ni nani? Mafungu ya waliokufa miaka mia mbili iliyopita yangepasa kwanza kujulikana, kisha ya watoto wao, na wa watoto wao. Faraidhi ina mlango wa munasakhat kwa ajili ya vifo vinavyofuatana kabla ya kugawa, lakini mlango huo unahitaji majina, na majina hayo hakuna anayeyajua. Mali isiyojulikana mwenyewe huingia katika hukumu ya mali iliyopotea, na uangalizi wake ni wa Baitul-Mali. Kwa wakati ule serikali ilikuwa ya Waholanzi.

Kauli ya wakfu

Mmoja wa wanafunzi hao ni Sheikh Abdul Karim Amrullah, maarufu Haji Rasul (1879–1945), mzaliwa wa kando ya ziwa hilo la Maninjau. Huyu alikuwa mkali wa bid'a na mila kuliko wengi wa zama zake. Lakini katika ardhi ya kale alitofautiana na mwalimu wake. Mwanawe Hamka (1908–1981), mwandishi wa *Tafsir al-Azhar*, amesimulia katika kitabu cha maisha ya baba yake kwamba Haji Rasul aliiona ardhi hiyo kuwa mfano wa wakfu, akaikisia na ardhi ya Sayyidna Umar (r.a.) ya Khaybar. Ndugu msomaji anaikumbuka hadithi hiyo katika Bukhari na Muslim: Umar alipata ardhi iliyo bora, akamtaka shauri Mtume (s.a.w.), naye akamuelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi hiba wala hairithiwi, na msimamizi wake anaruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia.

Kiasi hiki kina nguvu, kwani sifa tatu za ardhi ya ukoo ni hizo hizo. Hata hivyo mwanafunzi wa fiqhi atauliza: nguzo za wakfu ni nne, mwenye kuweka, kinachowekwa, anayewekewa na tamko. Liko wapi tamko? Ni nani aliyeweka? Inajibika kwamba wakfu wa kale huthibiti kwa istifadha, yaani kuenea habari zake kwa watu kizazi hadi kizazi, na Imam Nawawi katika *Minhaj* ameisahihisha kauli ya kujuzu kuutolea ushahidi kwa njia hiyo. Ila istifadha huthibitisha asili ya wakfu, si shuruti zake zote. Na uko udhaifu mwingine mkubwa zaidi. Mila yenyewe inaruhusu ardhi ya ukoo kuwekwa rehani kwa dharura nne: maiti yumo nyumbani na hakuna gharama za mazishi, binti amepevuka na hana uwezo wa kuozwa, nyumba ya ukoo inavuja, au cheo cha ukoo kimekaa bila mtu na kinahitaji kusimikwa. Wakfu wa Kishafii hauwekwi rehani hata kwa moja ya hizo nne.

Kwa sababu hiyo wengine hawakutumia neno wakfu, bali walisema tu kwamba ardhi hiyo si milki kamili ya yeyote aliyekufa, kwa hiyo haiingii katika tirka. Hii ndiyo njia aliyoifuata Profesa Amir Syarifuddin katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1984. Kauli hii ni nyepesi kuibeba, nayo pia haikosi pingamizi: ikiwa watu hamsini wanamiliki kwa ushirika, kila mmoja ana sehemu, na sehemu yake hurithiwa. Haisimami ila tukikubali kwamba mwenye milki ni ukoo wenyewe, si watu wake mmoja mmoja. Na jambo hilo si geni katika vitabu vyetu. Mafakihi wa Kishafii wameutaja msikiti kuwa unamiliki mfano wa mtu huru, na wala hakuna anayemrithi imamu wake akifa.

Ipo pia hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), inayobainisha kwamba mgao uliopita zama za ujahilia unabaki ulivyo, na uliofikiwa na Uislamu hugawiwa kwa hukumu ya Uislamu. Kila upande unaweza kuitumia. Watetezi wa mila watasema ardhi ilifunguliwa na kupangwa kabla ya Uislamu kufika milimani. Wapinzani watajibu kwamba ardhi hiyo haikupata kugawiwa, na kwa hiyo Uislamu umeikuta.

Kwa maoni ya mwandishi, kauli ya Haji Rasul ndiyo iliyo salama zaidi kwa watu na kauli ya Sheikh Ahmad Khatib ndiyo iliyo salama zaidi kwa dhimma, na bila ukali wa huyu wa pili hatua iliyofuata isingepigwa.

Msomaji wa pwani asidhani mas'ala haya ni ya mbali. Katika kisiwa cha Ngazidja, Komoro, ipo ardhi iitwayo manyahuli, isiyogawiwa, ipitayo kwa mama na mabinti, nao ni Mashafii waliotoa wanazuoni wakubwa. Na Wadigo wa pwani ya Kenya, waliokuwa wakirithi kwa mjomba, walikutana na mvutano huo huo uliposimama Uislamu kwao.

Kutenganisha mali mbili

Hatua yenyewe ilikuwa kutofautisha. Zamani, mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake ilipoachwa bila mgao ilizama katika mali ya ukoo. Kizazi cha kwanza iliitwa pusaka rendah, yaani urithi wa chini, na vizazi vikipita ikawa pusaka tinggi, urithi wa juu. Duka lililofunguliwa na baba ugenini kwa miaka thelathini liliweza kwenda kwa wapwa zake. Baba aliyetaka kuwahurumia wanawe alilazimika kuwapa hiba angali hai, na mara nyingi wapwa walisimama kupinga.

Hapa hakuna ukoo, hakuna wakfu, wala hakuna kisingizio cha kale. Ni mali ya mtu anayejulikana jina lake, na wanawe wanajulikana. Kuila ni kula mali ya yatima, jambo ambalo aya ya 10 ya sura hiyo hiyo imelitishia kwa moto. Sheikh Sulaiman ar-Rasuli wa Candung (1871–1970), aliyehesabiwa upande wa wanazuoni wa kale na mtetezi wa mila, naye aliitenga mali ya ukoo na mali ya chumo. Walipofikia hapo kambi zilizokuwa zikigombana, makubaliano yakawezekana. Mwaka 1952 walikutana mjini Bukittinggi wakuu wa koo, maulamaa na wasomi, wakakata kauli: mali ya kale ya ukoo ifuate utaratibu wa mila, na mali ya chumo ifuate faraidhi. Semina ya sheria ya mila iliyofanyika Padang mwaka 1968 ikautilia nguvu uamuzi huo.

Natutazame mfano. Mtu wa nagari amefariki, ameacha mke, mama, mwana mmoja, mabinti wawili, dada na watoto wa dada. Kilichokuwa mkononi mwake ni jaruba la ukoo alilolisimamia, duka mjini alilolinunua, nyumba aliyoijenga juu ya kiwanja cha ukoo wa mkewe, na mikahawa aliyoipanda kwa fedha zake kwenye mteremko wa ukoo wake.

Jaruba haliingii. Usimamizi unapita kwa atakayechaguliwa na ukoo. Duka linaingia lote, baada ya kutoa gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi thuluthi. Ikiwa mkewe alichangia mtaji, sehemu yake hutolewa kwanza. Vitabu vya Kishafii huipima kwa mchango wake, na Mkusanyo wa Sheria za Kiislamu wa Indonesia wa mwaka 1991 humpa mjane nusu ya mali waliyoichuma pamoja. Tuseme kilichobaki ni rupia milioni 96. Mke ana thumni, milioni 12. Mama ana sudusi, milioni 16. Zinazobaki, milioni 68, ni za watoto: mwana 34, na kila binti 17. Dada amezuiliwa na mwana, na watoto wa dada hawana fungu. Lakini kwa kuwa wapwa si warithi, mjomba aliruhusiwa kuwausia mpaka thuluthi, na huu ndio mlango wa kheri ambao sharia imewaachia wapwa bila kumdhulumu yatima.

Nyumba na mikahawa ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Kiwanja si cha marehemu, wala mteremko. Ila mbao, mabati na mawe alivinunua yeye, na miche aliipanda yeye. Aliyejenga kwa idhini juu ya ardhi ya mwenzake ana hukumu ya mwenye kuazima: jengo lake haliporomoshwi bure. Mwenye ardhi anaweza kulichukua kwa thamani yake, kulibakisha kwa kodi, au kuling'oa na kulipa upungufu. Thamani hiyo ni tirka, ila ikithibiti kwamba marehemu alimpa mkewe nyumba hiyo kwa hiba na akaikabidhi. Mikahawa vivyo hivyo: udongo ni wa ukoo, miti ni ya warithi.

Rehani na hati

Rehani ya mashamba, pagang gadai, haijapata suluhisho zuri kama hilo. Mwenye shida hukopa, mara nyingi kwa kipimo cha dhahabu, na mkopeshaji hulichukua jaruba akalima na kula mazao mpaka deni lilipwe. Hakuna muda. Yapo mashamba yaliyokaa rehani miaka mingi, mkopeshaji akiwa amekula mara kadhaa ya alichokopesha na deni likiwa halijapungua hata chembe. Katika madhehebu ya Shafii manufaa ya kilichowekwa rehani ni ya mwenye mali, na mkopo ulioshurutishwa manufaa ni riba. Hadhramaut walitafuta njia katika bei ya uhda, na Zanzibar mashamba ya karafuu yalipita kwa bei ya khiyari: mtu huuza kwa ahadi ya kurudishiwa akileta fedha. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya hila hizi, na waliozikubali waliweka shuruti ambazo wakulima wengi hawazijui. Serikali ya Indonesia kwa sheria ya mwaka 1960 iliamuru shamba lililokaa rehani miaka saba au zaidi lirudishwe bila malipo. Sheria hiyo haikuingia kwa urahisi katika nagari, ingawa kwa mizani ya dhulma iko karibu na haki kuliko desturi iliyoikuta.

Kisha zikaja hati za ardhi. Ofisi inahitaji jina, na jina linaloandikwa mara nyingi ni la mjomba au la wachache katika ukoo. Mwaka 1979 sheria ya serikali za vijiji iliivunja nagari na kuigawa katika vijiji vidogo, na ingawa Sumatra Magharibi iliirudisha kwa kanuni ya mwaka 2000, katika miaka hiyo ya kati mashahidi wengi wa mipaka walikwisha fariki. Mjomba mwenye hati mkononi leo anaweza kuuza kwa mfanyabiashara, na dada zake walioko ugenini wakapata habari baadaye.

Mjomba huyu tumuulize kwa fiqhi. Ikiwa ardhi ni wakfu, au ni milki ya ukoo, basi yeye ni mutawalli tu. Kuuza kwake ni kuuza kisicho chake, na katika kauli mpya ya Imam Shafii bei ya fuduli ni batili. Akisema ni milki yake binafsi, amekubali kwa ulimi wake kwamba ni tirka ya waliomtangulia, na hapo kauli ya Sheikh Ahmad Khatib inamrudia yote: wapi fungu la mama yake, dada zake, na watoto wa waliokufa kabla yake? Hawezi kuikimbia faraidhi kwa jina la ukoo, kisha akaukimbia ukoo kwa jina la hati.

Imamu anayeitwa kusuluhisha kesi ya namna hii hana budi kuanza na ranji, yaani mti wa nasaba ya ukoo uliotiwa saini na wakuu wake, kisha ushahidi wa wazee juu ya asili ya kila kipande: hiki kilifunguliwa msituni na nani, hiki kilinunuliwa kwa fedha za nani, hiki kilikombolewa kutoka rehani na mkono wa nani. Tangu mwaka 2006, sheria ya Indonesia imeondoa hiari ya Waislamu kuchagua mahakama ya kawaida badala ya mahakama ya dini katika mirathi, kwa hiyo maswali hayo hayo yatamfikia kadhi. Akishapata majibu yake, ndipo hufungua kitabu cha mafungu.